Station to Station: albamu ambayo Bowie hakukumbuka kuirekodi, na yule Duke aliyekataa kushuka

Kila nikikuta watu wanabishana kuhusu David Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza, lazima mmoja aseme yeye ni wa Bowie wa Ziggy, yule mhusika wake wa 1972, afu mwingine aseme mimi wa Berlin, yaani wa albamu zake za 1977 mpaka 1979, yaani kama wanaongelea watu wawili ambao hawajawahi kuonana, na katikati hapo kuna albamu moja ya nyimbo 6 tu, Station to Station ya Januari 1976, ambayo wengi wanaipita kama basi la usiku linavyopita kituo kisicho na abiria. Mimi nadhani ukiielewa hiyo moja hayo mengine yanajipanga yenyewe. Shida ni kwamba imefungwa na vitu vitatu vilivyosukana kama ukili: mhusika wa jukwaani aitwaye Thin White Duke, unga (yaani kokeini), na bendi. Watu wanapenda kuongelea viwili vya kwanza maana vina udaku. Cha tatu ndo chenyewe.

Tuanze na hilo la wahusika maana ndo linachanganya zaidi. Huku kwetu msanii anaweza kuwa na a.k.a. tano, ya simba, ya rais, ya nini, lakini zote ni majina ya kujisifu, mtu ni yuleyule na mama yake anamtambua. Bowie naye alikuwa na a.k.a. kwa maana hiyo, alizaliwa David Robert Jones huko Brixton, London, tarehe 8 Januari 1947, akabadili jina mwaka 1965 kwa sababu kulikuwa na Davy Jones mwingine, yule wa The Monkees, wasije wakachanganywa. Hapo hakuna maajabu. Maajabu yanaanza 1972 na Ziggy Stardust. Ziggy sio jina lingine la Bowie, Ziggy ni mtu aliyetungwa, ana hadithi yake, staa wa roki aliyefungamana na viumbe wa anga za juu, anapanda mpaka juu kabisa afu anaangamia. Sasa fikiria, mwanamuziki anaigiza mwanamuziki, anafanya shoo kama mwanamuziki huyo, anahojiwa na waandishi akiwa bado na nywele nyekundu za mwanamuziki huyo, mwisho wa siku ukiuliza swali hujui anayekujibu ni nani. Na nadhani hata yeye ilifika mahali hajui.

Wazee wa pwani watakwambia kumpandisha pepo sio kazi, kazi ni kumshusha. Bowie alijaribu kumshusha Ziggy hadharani, tarehe 3 Julai 1973 pale Hammersmith Odeon, London, akawaambia watu hii ndo shoo ya mwisho, na kati ya waliopigwa na butwaa walikuwemo mpiga besi wake Trevor Bolder na mpiga drams Woody Woodmansey ambao walikuwa wamesimama nyuma yake palepale jukwaani na hawakuwa wameambiwa kitu. Unajua kuachishwa kazi, sasa hii ni kuachishwa kazi kwa kipaza sauti. Ila angalia alichofanya: alipomuua mhusika aliua na bendi. Kwake wakati ule mhusika na bendi vilikuwa kitu kimoja, kimoja kikizikwa na kingine kinazikwa. Liweke hilo pembeni, tutalirudia.

1974 akaja na Diamond Dogs. Alitaka kutengeneza igizo la muziki kutoka kwenye riwaya ya George Orwell, Nineteen Eighty-Four, mjane wa Orwell akakataa, basi vipande vilivyobaki akavishonea kwenye hadithi ya mji uliooza na jamaa mmoja anaitwa Halloween Jack. Ziara ya albamu hiyo Marekani ilianza na mji mzima umejengwa jukwaani, maghorofa, daraja, na mashine ya kumnyanyua juu ya watu huku anaimba. Afu katikati ya ziara akaenda Philadelphia, studio ya Sigma Sound, Agosti 1974, akanasa kabisa kwenye muziki wa souli wa Wamarekani weusi, na aliporudi barabarani ule mji wote akautupa. Maghorofa hayo yaligharimu pesa. Yeye hakujali, alitaka waimbaji wa kuitikia, mmojawapo kijana ambaye bado hajajulikana anaitwa Luther Vandross, na alitaka gitaa la Carlos Alomar.

Huyu Alomar naomba umshike. Mzaliwa wa Puerto Rico, kakulia New York, mpiga ridhim, yaani sio yule wa solo anayefumba macho mbele ya jukwaa, ni yule anayesimama pembeni anakata kamba fupifupi na wimbo mzima unakaa juu ya mkono wake. Kibao cha Fame kilitokana na kitu alichokuwa anakipiga, John Lennon akachangia, Bowie akaweka maneno, na Septemba 1975 kikashika namba 1 Marekani, cha kwanza kwa Bowie kufika hapo. Albamu ilikuwa Young Americans. Bowie mwenyewe aliuita muziki ule souli ya plastiki, kujidharau kidogo na kujilinda kidogo.

Sasa 1975 yenyewe. Jamaa anaishi Los Angeles, kagombana na meneja wake Tony Defries wakaachana, anavuta kokeini kwa kiwango cha kutisha, halali, anakula pilipili hoho na kunywa maziwa, kakonda mpaka ukimwona kwenye picha unataka kumpa wali. Kichwani amejaza vitabu vya uchawi na elimu za siri, anaogopa vitu ambavyo havipo. Hali hiyohiyo BBC walikuwa wameshaionyesha, maana Alan Yentob alimfanyia filamu ya maisha yake halisi, Cracked Actor, ikaonyeshwa Januari 1975, unamwona nyuma ya gari kubwa jangwani, mweupe kama karatasi, anakunywa maziwa. Mwongozaji Nicolas Roeg alipoitazama akasema huyu ndo ninayemtaka. Akampa nafasi kwenye The Man Who Fell to Earth, acheze kiumbe wa sayari nyingine aitwaye Thomas Jerome Newton aliyekuja duniani kutafutia watu wake maji, akaishia kwenye pombe na televisheni. Wakaipiga New Mexico kiangazi kile.

Hapa ndo penye fundo, soma polepole. Mpaka hapo wahusika wote Bowie alikuwa amewatunga mwenyewe. Newton hakumtunga, alipewa. Alichopaswa kufanya ni kukaa mbele ya kamera bila hisia, nywele zimechanwa nyuma, suti safi, macho yanatazama mbali. Kazi ikaisha, waigizaji wengine wakarudi makwao, yeye akaondoka na Newton. Nguo akaondoka nazo, nywele akaondoka nazo, hata kava la Station to Station ni picha kutoka kwenye ile filamu, na la Low iliyofuata ni hivyohivyo. Yule anayeitwa Thin White Duke, yaani bwana mkubwa wa kikabaila, mwembamba, mweupe, sio kingine ila ni Newton aliyepewa cheo cha Ulaya na kipaza sauti. Ndo maana nasema tofauti yake na Ziggy ni kubwa mno: Ziggy alibuniwa na kijana mwenye njaa ya kusikika, Duke alimkalia mtu aliyechoka. Miaka ya baadaye Bowie alimsema vibaya huyu Duke, kwamba alikuwa kiumbe mbaya kabisa. 

Albamu ikarekodiwa hukohuko Los Angeles, studio za Cherokee, mwishoni mwa 1975, prodyuza mwenzake akiwa Harry Maslin. Bowie alikuja kusema kwamba hakumbuki karibu chochote cha kazi ile, anajua tu ilikuwa Los Angeles kwa sababu amesoma hivyo. Watu wanalipenda sana hili, wanalisimulia kama ushujaa, eti unga ulimpa kazi bora. Mimi nalisikia tofauti. Kama mwenye kazi hakumbuki, basi lazima kuna waliokuwa wanakumbuka, maana nyimbo zile hazijalegea hata kidogo. Weka Stay usikilize. Mle ndani mpiga drams ni Dennis Davis, besi George Murray, ridhim Alomar, solo Earl Slick, na piano ya albamu ni Roy Bittan aliyeazimwa kutoka bendi ya Bruce Springsteen. Mlevi anaweza kuimba vizuri akiwa juu ya mabega ya watu wasioyumba.

Haya tuingie kwenye wimbo wenye jina la albamu, dakika 10 na sekunde kadhaa, mrefu kuliko wimbo wowote aliowahi kuurekodi studio. Unaanza na treni. Vaa hedifoni, treni inatoka sikio moja inakwenda la pili, afu gitaa la Slick linalia kama chuma kinaburuzwa, afu bendi inaingia kwa mwendo mzito wa kuburuta miguu, na muda wote huo haimbi, zaidi ya dakika 3 hujasikia sauti ya mtu. Mara ya kwanza nilidhani faili nililopewa ni bovu. Akija kuimba, jambo la kwanza kabisa analotangaza ni kurudi kwa Thin White Duke. Kurudi! Huyu mtu hajawahi kuja. Hakuna wimbo wa nyuma wenye jina lake, hakuna shoo, hakuna picha, kisha eti amerudi. Nimekaa na hili miaka na bado linanichekesha, lakini ukilifikiria ni sawa kabisa, kwa sababu mapepo hayajitambulishi kama wageni, likipanda linadai nyumba ni yake tangu zamani.

Jina lenyewe wengi wanalichukulia kwamba ni habari za treni, na ile sauti ya mwanzo inawadanganya zaidi. Sisi wa Kiswahili hapa tuna bahati maana neno kituo linabeba vyote, kituo cha treni, kituo cha redio, na vituo 14 vya Njia ya Msalaba ambavyo Wakatoliki wanavipita Ijumaa za Kwaresima. Bowie alieleza kwamba alichokusudia ni hivyo vya msalaba. Halafu juu yake akapachika Kabbala, elimu ya siri ya Kiyahudi yenye mti wa ngazi 10 kutoka kwa Mungu mpaka duniani, wimbo unataja safari ya kutoka Kether kwenda Malkuth, yaani kutoka taji la juu kabisa kushuka mpaka ufalme wa chini huku tunakoishi. Malkuth hiyo ni shina moja na malkia wetu, m na l na k, Kiebrania na Kiarabu ni ndugu. Kwa hiyo ukiitazama vizuri safari ya wimbo ni ya kushuka. Jamaa anatafuta njia ya kurudi ardhini.

Na karibu na katikati, dakika ya tano na kitu, wimbo unageuka. Waliozoea muziki wa dansi watanielewa haraka, ni kama pale waimbaji wanapomaliza yao bendi ikaingia kwenye chemko. Mwendo unapanda, piano inaruka, anaimba kwamba hizi sio athari za kokeini, lazima yatakuwa mapenzi (mtu asiyetumia hahitaji kukanusha, lakini tuendelee), halafu anasema habari za Ulaya kuwasili. Hapo ndo albamu ya mpito inapoonekana kwa macho. Juu, kwenye maneno na sauti, ameshaanza kuondoka Marekani, anasikiliza Wajerumani wa Kraftwerk, kundi la muziki wa elektroniki, anaimba kwa ubaridi wa Kizungu wa kale. Chini, kwenye besi na drams, bado ni fanki tupu ya New York. Hivyo viwili vinakwenda pamoja bila kuchanganyika, kama maji na mafuta kwenye chupa moja, na utamu wa albamu uko hapohapo vinapokutana.

Nyingine nitazipitia haraka. Golden Years ndo iliyouza, ilitangulia Novemba 1975, na akaenda kuiigizia kwenye Soul Train, kipindi cha televisheni cha muziki wa Wamarekani weusi, mmoja wa wazungu wa mwanzo kupanda pale, akiwa amelewa na midomo haiendani na wimbo. TVC 15 ni utani kuhusu televisheni inayommeza mpenzi. Word on a Wing ni sala, sala ya kweli ya mtu mwenye hofu, na ukimsikia anavyoiimba unajua Duke hayumo mle. Ya mwisho, Wild Is the Wind, sio yake, ni ya filamu ya miaka ya 50, aliichukua kwa sababu ya jinsi Nina Simone alivyoiimba. Kwa hiyo kwenye albamu inayoitwa ya Duke mwenye moyo wa barafu, ukihesabu nyimbo ambazo Duke ameshika usukani unapata moja, labda moja na nusu. Zingine ni mtu anaomba asiachwe. Watu wanasema Duke ndo albamu. Duke ni mlango tu.

Alikojaa kweli ni jukwaani. Ziara iliitwa Isolar, ikaanza Vancouver tarehe 2 Februari 1976. Hakuna maghorofa safari hii, ni taa nyeupe tu, tyubu na nuru kali isiyo na rangi, yeye na shati jeupe, kizibao cheusi, suruali nyeusi, pakiti ya sigara za Gitanes imechungulia mfukoni. Kabla hajatoka watu wanachezewa muziki wa Kraftwerk na wanaonyeshwa Un Chien Andalou, filamu ya 1929 ya Buñuel na Dalí, ile ambayo jicho linakatwa kwa wembe. Hiyo ndo karibu yako ukumbini.

Na hapa ndo mhusika alipovuka mipaka. Kwenye mahojiano ya mwaka huo akaanza kumwaga maneno ya kuusifia ufashisti, akiwa Stockholm akasema Uingereza ingefaidika na kiongozi wa namna hiyo, akamfananisha Hitler na mastaa wa roki. Tarehe 2 Mei akashuka kituo cha Victoria, London, akawapungia mashabiki kutoka kwenye gari la wazi, picha ikatoka mkono umenyooka kama saluti ya Wanazi. Yeye alikana, akasema alinaswa mkono ukiwa katikati ya kupunga, hilo la picha linawezekana. Lakini maneno hakupiga mpiga picha, aliyasema yeye. Baadaye alijutia, akasema akili yake ilikuwa imevurugika. Wapo wanaosema alikuwa Duke anayeongea sio Bowie. Mimi hiyo siikubali, na siikubali hasa kwa sababu naupenda muziki wake. Ukiruhusu kinyago kijibu maswali ya magazeti, deni linakuja kwa mwenye uso. Tena jamaa huyo wakati anaropoka, wale wanaume watatu wanaombeba jukwaani kila usiku, Alomar, Davis na Murray, mmoja ni wa Puerto Rico na wawili ni Wamarekani weusi. Sijui walikaaje kwenye basi.

Ziara ikaishia Paris, 18 Mei 1976. Hakurudi Los Angeles kuishi. Akachukua rafiki yake mwanamuziki Iggy Pop, wote wawili wanakimbia unga, wakapanga nyumba moja Berlin Magharibi, mtaa wa Hauptstraße namba 155. Low ikatoka Januari 1977, nyingi imerekodiwa Ufaransa pale Château d'Hérouville na kumaliziwa Berlin, "Heroes" ikafuata Oktoba, Lodger 1979. Sifa za kipindi hicho anapewa Brian Eno na sintesaiza zake, na Tony Visconti kwenye mitambo, wanastahili. Lakini lile nililokwambia uliweke pembeni, sasa lichukue. Safari hii mhusika alipozikwa bendi haikuzikwa. Alomar, Murray na Davis wapo Station to Station, wapo Low, wapo "Heroes", wapo Lodger, wapo Scary Monsters ya 1980, albamu 5 za studio mfululizo. Breaking Glass ya kwenye Low imeandikwa jina la Bowie pamoja na Davis na Murray. Wale wanaosema Low ni baridi ya Kijerumani hebu wasikilize miguu ya ule muziki, chini kule bado ni Wamarekani weusi wanapiga fanki, ila mtu kazima taa.

Kwa hiyo mpito wenyewe haukuwa kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine. Ulikuwa kutoka kwenye kutegemea mhusika kwenda kwenye kutegemea bendi. Baada ya Duke hakutunga tena mtu kamili wa kuishi ndani yake miezi na miezi. Alivaa nguo, aliigiza, kwenye video ya Ashes to Ashes ya 1980 yuko na mavazi ya mchekeshaji wa zamani anatupa habari za Major Tom, yule mwanaanga wake wa 1969, kwamba kumbe aliishia kuwa teja. Lakini shoo ikiisha anavua.

Na sisi tumo humu kidogo. Kabla ya Lodger alikuja Kenya na mwanaye, na kule Mombasa akakutana na marubani wazee wa Kijerumani waliokuwa wamegandia kwenye baa, ndo ikazaliwa African Night Flight, wimbo wenye maneno asante na habari yaliyovunjwa vibaya sana, usimwekee mwalimu wako wa Kiswahili akausikia. Na mwaka uleule wa 1975 ambao yeye alikuwa anayeyuka Los Angeles, Nairobi mpiga picha Peter Beard alikuwa amemwona mwanafunzi wa chuo kikuu, Msomali, anaitwa Iman. Hao wawili walioana 1992. Ningemwonyesha yule jamaa wa maziwa na pilipili hoho kwamba hiyo ndo inakuja, asingeamini.

Duke hakupata mazishi kama ya Ziggy. Hakuna usiku ambao Bowie alisimama akamuaga, aliacha tu kumvaa. Ila kuna picha moja aliyopigwa 1974, yuko na nguo nyeusi zenye mistari mieupe ya mshazari, anachora ule mti wa Kabbala, na baadaye ilikuja kutumika kwenye toleo jipya la Station to Station. Januari 2016, siku chache kabla hajafa tarehe 10, video ya wimbo wake Lazarus ikatoka. Yumo mzee mgonjwa, amevaa nguo za namna ileile, mistari ileile. Anaandika haraka mezani, anasimama, anatembea kinyumenyume mpaka ndani ya kabati la nguo, anauvuta mlango.